Kiungo Aliyeacha Kukimbia

Ninaandika haya kwa ajili ya mtu ambaye ametoka kliniki leo akiwa na karatasi inayosema kwamba vali ya moyo wake imeharibika. Sitakueleza moyo unavyofanya kazi. Daktari atakuchorea, kama alivyonichorea mimi, nawe utaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa. Nitakueleza yale ambayo mimi sikuelezwa na mtu: jinsi ugonjwa huu unavyokuja polepole ukijifanya kitu kingine, hadi watu wanakusifu kwa ajili yake.

Naitwa Kemunto. Wazazi wangu walitoka Kisii wakaja upande huu wa Bomet kabla sijazaliwa. Baba anafanya kazi kwenye boila ya kiwanda cha chai, na Mama anachuna majani katika mashamba ya majirani karibu na Merigi. Nilipokuwa darasa la tano koo lilikuwa likiniuma mara kwa mara. Mama alinipa maji ya chumvi nisukutue, na baada ya siku tatu nilirudi shule. Mwaka huo huo goti lilivimba, likapona, kisha la pili likavimba, kisha kiwiko. Watu walisema ni mpira, kwa sababu nilikuwa nikicheza kila jioni kwenye uwanja wa shule mpaka niitwe nyumbani. Mimi pia niliamini ni mpira. Kama una mtoto anayeumwa hivyo, koo kisha viungo, weka maandishi haya chini umpeleke hospitali kwanza.

Nilikuwa kidato cha kwanza kocha Betty aliponiona katika mashindano ya shule. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti, aliyekuwa akilea timu ya chipukizi ya klabu moja ya ligi kuu ya wanawake mjini Kericho. Klabu ilikuwa imechoka kuchukua wachezaji waliokomaa kutoka mbali, ambao hucheza msimu mmoja wakaenda zao. Iliamua kukuza wasichana wa hapa, watoto wa vilima hivi vya chai, kuanzia wakiwa wadogo. Tulikuwa kumi na wanne. Tuliishi katika nyumba moja nyuma ya uwanja, tukisoma shule ya kutwa iliyokuwa karibu, na saa tisa na nusu kila mmoja alikuwa amefunga kamba za buti zake.

Mtu wa nje huona siku ya kusajiliwa tu, picha na jezi mpya. Haoni mlango wa jikoni. Kila mwisho wa muhula kocha alibandika orodha kwenye mlango huo, na msichana ambaye jina lake halikuwepo alifunga mizigo kabla ya chakula cha mchana. Hakuna aliyefokewa. Kocha Betty alimsindikiza mwenyewe hadi barabarani, akimbebea begi, na aliporudi hakula. Kufikia mwaka wa tatu tulibaki wanne. Halafu mmoja akavunjika mguu, mwingine mama yake akamchukua. Tukabaki mimi na Chelangat.

Chelangat alikuwa binti wa mfanyabiashara wa Roret. Tulilala chumba kimoja, tukasukana nywele, na ukoko wa ugali alinipa mimi kwa sababu alijua naupenda. Sote wawili tulikuwa viungo, wachezaji wa katikati. Mwanzoni mwa mwaka wetu wa mwisho kocha alituita ofisini akatuambia timu kubwa ingesajili kiungo mmoja wa nyumbani msimu ule. Mmoja tu. Tulitoka pale tukitembea pamoja, na jioni ile, kwa mara ya kwanza tangu tufahamiane, kila mmoja alijisuka mwenyewe.

Wiki mbili baadaye tulikwenda kucheza mechi ya kirafiki kwao Roret. Uwanja ule umeinama kidogo, na kipindi cha pili tulikuwa tunashambulia kupanda. Nilikimbilia mpira ambao ningeupata hata nikiwa nimelala, nikahisi kama mtu amenifunga kamba kifuani na kuikaza. Nilisimama nikajifanya ninarekebisha soksi. Hewa ilikuwa nyingi, ya baridi, yenye harufu ya majani yaliyonyeshewa, lakini haikuingia. Baada ya kitambo kidogo kamba ikalegea, nikaendelea kucheza.

Tangu siku hiyo nilianza kujipimia. Nilijua ngazi zote za pale klabu na mahali pa kupumzika katikati. Nilianza kulala na mto wangu pamoja na sweta mbili zilizokunjwa, kwa sababu nikilala wima kidogo kikohozi kilitulia. Jioni soksi ziliacha alama ya shimo juu ya kifundo cha mguu. Nilisema ni baridi ya Julai. Ilipofika Septemba niliendelea kusema ni baridi ya Julai.

Na uwanjani nilibadilika. Kwa kuwa singeweza kukimbia na mpira, nilijifunza kuuachia mapema. Niliangalia nyuma yangu kabla haujafika, nikajua nitaupeleka wapi, nikaupiga mara moja tu. Nilikaa nyuma zaidi. Nilisoma mchezo kama mtu anayesoma barua ya kifo, neno kwa neno, kwa sababu hatua moja ya makosa ingenigharimu pumzi ambayo sikuwa nayo. Siku moja kocha Betty alipuliza filimbi akasimamisha mazoezi.

“Mnamwona Kemunto?” aliwaambia wasichana wadogo. “Hakimbii ovyo tena. Anaufanya mpira ndio ukimbie. Huyu sasa amekomaa.”

Walinipigia makofi. Nilisimama katikati yao nikiwa nimeweka mikono kiunoni ili mabega yasionyeshe jinsi ninavyopumua. Nimefikiria siku hiyo mara nyingi kuliko siku ya upasuaji. Moyo wangu ulikuwa unakufa, nao wakauita ukomavu, na mimi nikafurahi.

Nafasi nilipewa mimi. Chelangat alinikumbatia, akaenda kufua nguo ambazo zilikuwa safi.

Kabla ya kusajiliwa ilibidi nipimwe. Katika zahanati moja ya mjini sista aliniwekea chombo chake kifuani, akasikiliza, akakihamisha, akasikiliza tena. Aliniambia nilale kwa ubavu wa kushoto. Kisha akatoka akarudi na mwenzake, ambaye pia alisikiliza kimya. Kama hujawahi kupimwa na watu wawili walionyamaza, hujui ukimya ni nini. Hawakuniambia kwamba mimi ni mgonjwa. Walinipa karatasi ya kwenda kupigwa picha ya moyo, ile wanayoiita eko, wakasema nisikimbie hata hatua moja kabla ya picha hiyo, na kwamba fomu ya klabu wataijaza nikirudi.

Karatasi ile niliiweka ndani ya Biblia. Meneja wa timu alipouliza, nilimwambia nimepimwa, niko sawa, fomu inakuja. Aliniamini, au alikuwa na haraka. Msimu ulikuwa unaanza na majina yalihitajika. Siwalaumu wao peke yao. Mdomo uliosema uongo ulikuwa wangu.

Jumamosi ya tatu ya msimu niliingizwa kutoka benchi katika kipindi cha pili, tukicheza nyumbani. Mvua ndogo ilikuwa imeanza. Wasichana wa timu ya chipukizi walikuwa wameketi kando ya uwanja wakiimba jina langu. Nilicheza dakika kumi na tano hivi, na ninakumbuka pasi mbili nzuri. Ya tatu siikumbuki. Ninakumbuka nikitembea kuelekea chumba cha kubadilishia nguo bila kuomba ruhusa ya refa, nikiinama juu ya sinki, nikikohoa, na kwenye sinki kulikuwa na povu la rangi ya waridi.

Chelangat alikuwa amenifuata. Alilitazama lile povu, akanitazama mimi. Nilimshika mkono nikamwomba asiseme. Nilimwambia kuhusu karatasi iliyo ndani ya Biblia, nikamwambia nitaenda Jumatatu, nikamwapia kwa jina la Mungu. Aliubandua mkono wangu taratibu, kidole kimoja kimoja, akatoka nje. Nilisikia viatu vyake vikienda upande wa benchi la kocha.

Kabla ya jua kuzama nilikuwa na oksijeni puani. Kabla ya wiki kuisha, jina la Chelangat lilikuwa limeandikwa mahali ambapo jina langu lilikuwa.

Baba alitaka niwe karibu na nyumbani, kwa hiyo nilihamishiwa hospitali kubwa ya Longisa. Hapo ndipo nilipojua kungoja. Nilipewa dawa za kukojoa zilizonipunguza hadi nikaona mifupa ya uso wangu ambayo sikuwahi kuijua. Miguu iliyokuwa ya kupiga mpira ilibaki kama mwiko. Kila wiki ya nne nilichomwa kwenye paja sindano ya penisilini, ya kuzuia ule ugonjwa wa koo usirudi kuula moyo, sindano nzito inayoingia kama uji baridi, na kuanzia hapo sikuhesabu tena miezi. Nilihesabu sindano. Sindano ya kwanza, wanavuna mahindi. Ya pili, wamemaliza. Ya nne, ukame, majani ya chai yamekauka ncha na Mama anakaa nyumbani siku nne kwa wiki. Ya sita, mvua kubwa imerudi.

Sindano ya sita ndiyo niliyochomewa katika hospitali ya misheni ambako mioyo hufunguliwa. Huko kuna benchi refu la mbao nje ya chumba cha moyo, na orodha ya wanaongoja ni ndefu kuliko benchi. Nilizoea kuketi na mwalimu mmoja kutoka Transmara, mama wa makamo aitwaye Naisiae. Yeye alikuwa ametangulia. Kwenye orodha alikuwa nafasi moja mbele yangu. Ndiye aliyenifundisha kula kidogo mara nyingi, kumeza dawa ya kukojoa nikiwa tu karibu na choo, na kulala nimeketi huku nimekumbatia mto mbele. Alikuwa na chupa ya chai ya maziwa, akinimiminia kwenye kifuniko na kunyamaza mpaka nimalize. Rehema ndogo kama hiyo usiikatae.

Siku ya sindano ya nane sista alitoka na faili akaita jina la Naisiae. Akaita mara ya pili. Akaita mara ya tatu, akageuza faili, akaandika kitu, kisha akaita jina langu. Sote tuliokuwa kwenye benchi tulitazama sakafu. Nilipoinuka nilihisi kama ninapita juu ya mtu.

Nyumbani, nilikokuwa nikirudi kungoja kati ya kliniki moja na nyingine, mambo yalikuwa mabaya kwa namna nyingine. Baba alisema mpira ndio ulionila moyo. Mama alisema ni koo, ni yeye na maji yake ya chumvi. Walizungumza hivyo kila jioni mpaka wakaacha kuzungumza, na hapo pakawa pabaya zaidi. Kaka zangu walikuwa wakiingia ndani kwa vidole vya miguu. Ulikuwa mwezi wa mvua ya mawe. Iligonga mabati na kuacha majani ya chai yamechanika kilima kizima, na Mama alisimama mlangoni akitazama kama mtu aliyekuwa anaitarajia.

Kocha Betty alikuja mara tatu. Mara ya kwanza Baba hakumfungulia. Niliwasikia kutoka kitandani.

“Baba Kemunto, nimekuja tu kumwona mtoto wangu.”

“Wako ulimtumia,” Baba alisema. “Aliyebaki ni wangu.”

Aliacha mkungu wa ndizi na maziwa langoni. Mara ya pili vilevile. Mara ya tatu nilitoka mwenyewe, nikitembea nimeshika ukuta, nikakaa naye kwenye nyasi nje ya lango kwa sababu sikutaka kumwaibisha Baba nyumbani kwake. Kocha hakujitetea. Alisema kwamba alikuwa amemfundisha kila msichana baada yangu kucheza kama nilivyokuwa nikicheza, na sasa akiona msichana anaacha mpira mapema anaogopa. Alilia akiangalia upande wa barabara. Nilimwambia nilikuwa nimemdanganya, na kwamba nilidanganya vizuri kwa sababu alinifundisha kutoonyesha nitapeleka mpira wapi. Tulicheka kidogo, nikakohoa, tukaacha kucheka.

Kabla ya upasuaji daktari, mama mmoja aliyependa kunitazama machoni, aliwaomba wazazi wangu watoke. Alisema vali yangu haifai kushonwa. Lazima iwekwe nyingine. Kuna ya chuma, ambayo hudumu, lakini nitameza dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yangu yote, nitapimwa damu kila mara, na singepaswa kugongwa na mtu wala mpira. Kupata mtoto kungekuwa safari ya hatari. Na kuna inayotengenezwa kwa nyama ya mnyama, ambayo haitaki dawa hiyo, lakini kwa kijana wa umri wangu huchakaa upesi, na kifua kitafunguliwa tena, na mara ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza.

Nilimuuliza kama na hiyo ya nyama ningeweza kucheza ligi. Alisema huenda ningecheza kidogo, kwa raha yangu, lakini hakuna daktari mwaminifu ambaye angetia sahihi fomu ya ligi.

“Usiulize tena fomu,” alisema. “Niulize miaka.”

Mama alitaka ile ya nyama, kwa sababu ya wajukuu. Baba alitaka ya chuma, kwa sababu hangeweza kunileta hapo mara mbili. Kila mmoja alinifuata peke yake kunieleza. Nilifikiria benchi lile, na jina lililoitwa mara tatu, nikajua kwamba singeweza kuketi pale tena. Nilichagua chuma. Mama hakunisemesha siku mbili, kisha akaja akaniosha nywele.

Upasuaji wenyewe sina cha kusimulia, nililala. Kuamka ndiko kulikokuwa kubaya. Kuna bomba kooni, mikono imefungwa, kifua ni kama kimekaliwa na ng’ombe, na huwezi kuuliza kama umekufa. Sista aliyekuwa pale alijua ninachotaka kuuliza. Alinibonyeza kidole cha mguu akasema, “Uko hapa, Kemunto,” akarudia kila niliposhtuka. Baadaye Mama aliniambia kwamba saa zote zile Baba na kocha Betty walikuwa wameketi benchi moja nje, mmoja mwisho huu na mwingine mwisho ule, na ilipofika saa nane Baba alimsogezea nusu ya mkate wake.

Nina kovu kutoka shingoni hadi juu ya tumbo. Nikigonga meza, paja linakuwa zambarau kwa wiki mbili. Nina kadi ya vipimo vya damu, na sitoki bila hiyo. Bado nachomwa sindano kila wiki ya nne, na nikiona damu ya ufizi kwenye mswaki ninasimama pale nikingoja ikome, na mara nyingine haikomi upesi. Wanakuambia umepona. Umeongezewa muda tu, na mlango uko wazi nyuma yako. Utazoea upepo wake.

Kwa mwaka mzima sikumsemesha Chelangat. Alikuwa akicheza vizuri, watu walimtaja redioni, na kila nilipomsikia nilizima. Nilijiambia aliniuza akachukua jezi yangu. Alikuja nyumbani kiangazi kilichopita, bila kutuma ujumbe kwanza, pengine kwa sababu alijua ningemwambia asije. Mama alimkaribisha, akatuletea chai, akatuacha. Baadaye kidogo Chelangat alianza kuangaza macho ukutani, juu ya kabati, nyuma ya kiti.

“Saa yenu iko wapi?” aliuliza. “Naisikia tu.”

“Hatuna saa,” nilimwambia. “Ni mimi.”

Alielewa polepole kwamba mlio ule ulikuwa wa vali ya chuma kifuani mwangu. Aliweka kikombe chini. Nilikuwa nimejiandaa kumsamehe. Nilikuwa hata na maneno. Nilidhani angesema alifanya vile kwa kunipenda, nami ningesema najua.

“Kemu, nataka nikuambie ukweli,” alisema. “Ile siku sikwenda kwa kocha kwa ajili yako. Nilikuwa nataka ile nafasi. Nilikuwa nimengoja ukosee, nikaona damu, nikasema ndiyo hii. Sikujua unakufa. Nilijua tu utatolewa.”

Nje kaka yangu mdogo alikuwa akipasua kuni. Nilingoja hasira ije. Badala yake nilijiuliza ningefanya nini kama sinki lingekuwa lake, na jibu lilikuja haraka kuliko nilivyopenda. Ningenyamaza. Ningemshika mkono na kumwapia kwamba siri yake iko salama, ningejiita rafiki mwema, na Jumatatu ingemkuta amekufa.

Nilimwambia hivyo. Alilia sana, mimi sikulia. Nilimmiminia chai nyingine, nikamwuliza juu ya mechi ya Jumamosi, nani anacheza mbele yake na kama wanampa mpira mapema. Alianza kunieleza, kwanza kwa aibu, kisha kwa mikono, akisogeza vikombe mezani kuonyesha nani alisimama wapi. Katikati ya vikombe hivyo, kila aliponyamaza kuvuta pumzi, sote wawili tulikuwa tukiusikia moyo wangu.